Louis Eliasberg, mtu wa banki aliyekusanya kila sarafu ya Marekani

Mwezi wa tatu mwaka wa 2021, sarafu ndogo ya zahabu ya dola 5, iliyotengenezwa Marekani mwaka wa 1822, iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 8,4. Mnamo 1945, Louis Eliasberg aliinunua sarafu hiyohiyo kwa dola 14.000. Watu wengi wa wakati ule wangeona kwamba amelipa bei ya kupita kiasi.

Eliasberg alizaliwa tarehe 12 Februari 1896 kule Selma, katika jimbo la Alabama. Kazi yake aliifanyia Baltimore, ambako aliongoza kampuni ya kukopesha feza. Alianza kukusanya sarafu karibu mwaka wa 1925, kama jambo la kupumzisha akili baada ya kazi.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1933. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, na tarehe 5 Aprili Rais Franklin Roosevelt aliamuru raia wapeleke zahabu yao kwenye banki, kwa bei ya dola 20,67 kwa aunsi moja. Mwenye kuificha angeweza kufungwa. Lakini amri hiyo iliacha mlango mmoja wazi: sarafu adimu, zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji, hazikuguswa. Eliasberg aliiamini zahabu kuliko noti, naye akapita katika mlango huo. Mchezo wa zamani ukawa kazi ya maisha.

Sarafu za kwanza za zahabu za Marekani zilitengenezwa Philadelphia mwaka wa 1795. Mihuri ya chuma ya kuzichapa ilichongwa kwa mkono, na chuma kizuri kilikuwa cha gharama. Mwaka ulipoisha na muhuri ungali na nguvu, mafundi walipiga tarakimu mpya juu ya ile ya zamani. Ndiyo maana kwenye sarafu fulani za dola 5 za mwaka wa 1825, mtu akichunguza vizuri, anaona alama ya 4 chini ya 5. Za namna hiyo zinajulikana mbili tu, na moja ilikuwa ya Eliasberg.

Lakini kwa nini ziwe chache hivyo? Zahabu iliyokuwa ndani yake ilipanda bei kupita thamani iliyoandikwa juu. Wafanyabiashara walizisafirisha Ulaya na kuziyeyusha kwa maelfu, mpaka sheria ya mwaka wa 1834 ikapunguza uzito wa sarafu mpya. Hesabu za kiwanda zinaonyesha kwamba mwaka wa 1822 zilitengenezwa sarafu 17.796 za dola 5. Leo zinajulikana tatu. Mbili ziko Washington, katika hazina ya taifa ya Smithsonian. Hiyo ya tatu ilikuwa ya Virgil Brand, tajiri wa kiwanda cha bia wa Chicago aliyekufa mwaka wa 1926, kabla ya kufika kwa Eliasberg.

Hatua yake kubwa ilikuwa mwaka wa 1942. Alinunua kwa mara moja hazina yote ya familia ya Clapp kwa dola 100.000. Baba wa familia hiyo, mtu wa biashara ya mafuta, alikuwa akiagiza sarafu mpya moja kwa moja kutoka viwanda vya serikali. Baada ya hapo Eliasberg alibaki na orodha fupi ya zilizokosekana, naye akazifuata moja baada ya nyingine.

Kuna moja aliyoiacha. Alikuwa na sarafu ya dola 20 ya mwaka wa 1933, mwaka ambao sarafu hizo zilitengenezwa bila kutolewa kwa watu. Alipojua kwamba serikali inazihesabu kuwa mali iliyoibwa, aliirudisha kwa hiari yake.

Mnamo Novemba 1950 alipata ya mwisho: senti 10 ya feza ya mwaka wa 1873 kutoka kiwanda cha Carson City, isiyo na mishale kando ya tarehe. Ni moja tu inayojulikana. Kwa hiyo alikuwa na kila mwaka na kila kiwanda, kwa sarafu zote zilizojulikana kuwa zilitolewa kihalali. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo mbele yake. Jarida la Life lilipochapisha habari hiyo mwaka wa 1953, barua zilimfikia kwa maelfu, hata akachapisha kijitabu cha kuwajibu watu.

Tarehe 31 Desemba 1974 Wamarekani waliruhusiwa tena kumiliki zahabu bila masharti. Eliasberg aliiona siku hiyo. Alikufa mwezi wa pili mwaka wa 1976, akiwa na umri wa miaka 80.

Wanawe wawili waligawana hazina. Sarafu za zahabu ziliuzwa New York mnamo Oktoba 1982 kwa zaidi ya dola milioni 12. Ile ya mwaka wa 1822 peke yake ilileta dola 687.500. Za feza na shaba zilifuata mwaka wa 1996 na 1997. Kilichokusanywa kwa miaka 25 kilitawanyika kwa wanunuzi wengi. Tangu wakati huo hakuna aliyekamilisha orodha ile tena. Sarafu nyingine zipo moja tu duniani, na anayetaka kuanza upya lazima asubiri kila mwenye nayo akubali kuiuza.