William Macewen, daktari aliyeotesha mfupa

Sisi tuliorudi nyumbani baada ya vita tunawajua wenzetu wengi waliokatwa mkono au mguu. Kwa ajili yao, leo tumkumbuke daktari mmoja wa Scotland.

William Macewen alizaliwa mwaka 1848 katika kisiwa cha Bute. Alisomea udaktari mjini Glasgow, ambako Joseph Lister alikuwa akifundisha jinsi ya kuzuia vijidudu visiingie kwenye kidonda. Macewen alilishika sana somo hilo.

Katika hospitali ya mji huo alimtibu mtoto wa kiume ambaye mfupa wake, kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umeoza kwa usaha. Sehemu kubwa ya mfupa huo iliondolewa, lakini mpya haukuota. Mkono ukabaki kuning'inia, ikaonekana ni afadhali ukatwe.

Wakati huo Macewen alikuwa akinyoosha miguu ya watoto wenye matege kwa kutoa kabari ndogo za mfupa. Badala ya kuzitupa, alizikatakata na kuzipanga kwenye mkono wa yule mtoto, kwa awamu, miaka ya 1879 na 1880. Vipande vilishikana, ukawa mfupa mmoja. Mwaka 1881 alitangaza habari hiyo. Mtoto alikua, mfupa ukakua naye, na alipokuwa mtu mzima alifanya kazi kwa mkono huo.

Louis Ollier wa Ufaransa alisema kinachozaa mfupa ni utando unaoufunika. Macewen, katika kitabu chake cha mwaka 1912, alisisitiza kuwa ni seli za mfupa wenyewe. Siku hizi inajulikana kuwa kila mmoja alishika sehemu ya ukweli.

Kutokana na elimu hiyo, wanasayansi wa leo huchukua seli za uboho, wakazichanganya na ute maalumu na kuzidunga kwa sindano mahali penye pengo. Bado sehemu kubwa ya kazi hiyo ni majaribio, kwa hiyo msomaji ajihadhari na anayeiuza kama dawa ya uhakika.

Mwaka 1916 Macewen alisaidia kuanzisha hospitali ya Erskine kwa askari waliopoteza viungo, akawaita mafundi wa meli wa mto Clyde wachonge miguu ya bandia. Alifariki mwaka 1924. Alitafuta kwanza namna ya kuokoa kiungo, na aliyekwisha kukipoteza hakumsahau.