Louis Braille: mtoto wa fundi ngozi aliyepelekwa shule kwa barua

Kila tarehe 4 Januari dunia huadhimisha Siku ya Nukta Nundu, yale maandishi ya vidoto vilivyoinuka ambayo mtu asiyeona huyasoma kwa ncha za vidole. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Louis Braille, Mfaransa aliyeyabuni. Uvumbuzi wake wengi wameusikia. Leo tunataka kueleza jambo lisilosemwa sana: ni nani aliyemlipia shule, maana kwao fedha hiyo haikuwepo.

Alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, kilomita kama 40 mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza hatamu na matandiko ya farasi, kwa kuwa huko farasi ndio waliolima na kuvuta mizigo, kama ng'ombe wa plau hapa kwetu Binza. Louis alikuwa kitindamimba katika watoto wanne. Siku moja, akiwa na miaka mitatu, aliingia kwenye karakana, akashika msharasi wa kutobolea ngozi na kujaribu kufanya alichokuwa akimwona baba yake akifanya. Msharasi ukateleza ukamchoma jicho. Kidonda kikaoza, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipofika miaka mitano hakuona kabisa.

Nyumba yao haikuwa ya mafukara. Ufundi uliwalisha na kipande cha ardhi walikuwa nacho. Lakini miaka ileile majeshi ya kigeni yaliyomshinda Napoleon yalipiga kambi vijijini, na kaya zikalazimika kuwalaza askari na kuwalisha wao na farasi wao. Katika hali hiyo, nani angeweka akiba ya kumsomesha mtoto asiyeona? Watoto wengi wa namna yake nchini humo waliishia kuomba barabarani.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Tunalisema hili makusudi, kwa sababu mtoto aliyefichwa hakuna wa kumwandikia barua. Baba alimchongea fimbo akamwacha azunguke kijijini, na inasimuliwa kuwa alimpangia herufi kwa misumari kwenye ubao ili azipapase. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, akamfundisha, kisha akamwombea kwa mwalimu Antoine Bécheret aketi darasani na wenzake. Alikuwa hodari wa kushika kwa kusikia. Tatizo lilikuja pale wenzake walipofungua vitabu.

Huko Paris kulikuwa na shule ya wasioona, na jinsi ilivyoanza inatugusa. Mwaka 1784 bwana mmoja, Valentin Haüy, alimkuta kijana asiyeona, François Lesueur, akiomba mlangoni mwa kanisa. Alitaka kumfundisha kusoma bure. Lakini fedha za kuomba ndizo zilizokuwa zikiilisha familia ya kijana huyo, kwa hiyo bure ya Haüy ingewalaza njaa. Haüy akakubali kumlipa kile ambacho angekipata kwa kuomba, ndipo kijana akaja darasani. Kwa maoni yetu, hapo ndipo msaada wa masomo ulipoeleweka sawasawa. Hapa Tanzania ada katika shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, imeondolewa tangu 2016, lakini mzazi anayempeleka mtoto bweni la mbali bado anatafuta nauli, shuka na sabuni.

Shule ya Haüy ilianza kwa michango ya wahisani, kisha baada ya Mapinduzi ya Ufaransa serikali ikaichukua na kulipia nafasi za watoto wasio na uwezo. Nafasi hizo hazikumfuata mtu kijijini, ilibidi ziombwe. Padri Palluy alikwenda kwa Marquis d'Orvilliers, bwana mkubwa wa pale Coupvray aliyekuwa na habari za kazi ya Haüy, naye akamwandikia mkuu wa shule, Sébastien Guillié. Aliyewahi kumsubiri mtendaji wa kijiji ampigie mhuri barua anaijua subira yake. Jibu likaja kwamba nafasi ipo na italipiwa. Tarehe 15 Februari 1819, Louis, mwenye miaka kumi, aliingia Paris na baba yake.

Shule yenyewe haikuwa pepo. Lilikuwa jengo kuukuu lenye unyevunyevu, lililowahi kuwa gereza, na chakula kilikuwa duni. Wengi wanaamini kifua kikuu kilichomuua baadaye alikipatia humo. Vitabu vilikuwa na herufi kubwa za kawaida zilizoinuliwa, vizito na vya kusomwa polepole mno. Mwaka 1821 mwanajeshi wa zamani, Charles Barbier, alileta mwandiko wake wa nukta kumi na mbili. Louis akaupunguza, akaupanga upya, na kufikia 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa na nukta sita zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja.

Aliajiriwa palepale shuleni, akawa mwalimu kamili mwaka 1833, na pia alipiga kinanda kanisani. Mshahara haukuwa mkubwa. Hata hivyo wanafunzi wasio na kitu waliujua mlango wake: aliwanunulia vifaa vya kuandikia, na wengine aliwakopesha fedha. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Aliacha kasha dogo na agizo kwamba lichomwe bila kufunguliwa. Watu wakashindwa kujizuia, wakalifungua. Ndani walikuta vikaratasi vya madeni ya wanafunzi wake. Wakavichoma vyote, kama alivyotaka.

Shule yake iliyakubali rasmi maandishi ya nukta mwaka 1854. Kwetu Tanzania shule ya kwanza ya wasioona, Buigiri mkoani Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Huku Kanda ya Ziwa, watoto wasioona hupokelewa Buhangija mjini Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Mzazi mwenye mtoto asiyeona, asiyesikia au anayechelewa kuelewa kuliko wenzake aanze kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani, kisha aulize ofisi ya halmashauri kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Aende na mtoto mwenyewe, wamwone.