Kiichiro Toyoda, fundi aliyeitwa kurudi kuongoza Toyota

Kwenye barabara ya Kisangani kwenda Banalia na Buta, ile inayopita hapa Bengamisa, jina Toyota linajulikana hata na mtoto ambaye hajaanza shule. Ni jipu ya hospitali, ni pick-up ya wafanyabiashara, ni motokari inayopakia watu na mizigo mpaka juu. Lakini wakaaji wengi hawajui kwamba jina hilo linatoka kwa familia moja ya Japani. Hawajui pia kwamba mutu aliyeanzisha kazi ya motokari katika familia hiyo aliacha kiti chake mwaka 1950, wakati kampuni ilikuwa karibu kuanguka. Miaka karibu miwili nyuma ya hapo, wakamuita arudi. Hii ndiyo habari ya maisha yake.

Mtoto wa fundi wa mashini za kufuma

Kiichiro Toyoda alizaliwa tarehe 11 Juni 1894, katika kijiji ambacho leo ni sehemu ya muji wa Kosai. Baba yake, Sakichi, alikuwa mtoto wa seremala na alitumia maisha yake yote kutengeneza mashini za kufuma nguo. Mama yake aliondoka nyumbani angali mtoto mchanga, na mwanzoni alilelewa na babu na bibi. Baadaye akakulia Nagoya, karibu na karakana ya baba yake.

Mwaka 1920 alimaliza masomo ya uinjenyeri kwenye chuo kikuu cha Tokyo, akaingia kazi ya familia. Mwaka 1924 yeye na baba yake walikuwa wamekamilisha mashini ya kufuma ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe. Hivyo nguo mbovu haiendelei kutoka, na mfanyakazi mmoja anaweza kuangalia mashini nyingi. Mashini hiyo ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1929 kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kuitengeneza.

Sakichi alikufa tarehe 30 Oktoba 1930. Inasemwa kwamba mbele ya kufa alimwambia mwana wake ajaribu motokari, kama yeye alivyojaribu mashini za kufuma.

Kamiyo za kwanza ziliharibika njiani

Wakati ule motokari zilizojaa Japani zilikuwa za Wamarekani. Ford ilikuwa na kiwanda Yokohama tangu 1925, na General Motors ilikuwa nacho Osaka tangu 1927. Piese zilikuja kwa meli, zikaunganishwa pale. Watu wengi waliona kwamba Mjapani kutengeneza motokari yake ni kupoteza feza.

Mwezi wa 9 mwaka 1933, Kiichiro alifungua idara ya motokari ndani ya kiwanda cha mashini za kufuma. Yeye na mafundi wake walinunua Chevrolet, wakaifungua yote, wakapima kila chuma, wakajaribu kumimina injini yao wenyewe. Vipande vingi vilipasuka na kutupwa. Mwezi wa 5 mwaka 1935 motokari ya kwanza ya majaribio ilitoka, na mwaka huohuo ikatoka kamiyo iliyoitwa G1.

Hiyo G1 iliwasumbua sana. Ilipopelekwa Tokyo kuonyeshwa kwa watu, usukani uliharibika njiani. Za kwanza ziliuzwa karibu, upande wa Nagoya, ili mafundi wafike haraka zikiharibika. Na ziliharibika mara nyingi. Kampuni ilitengeneza bila kulipisha, na kila kilichovunjika kiliandikwa ili piese inayofuata iwe bora. Kiichiro mwenyewe hakuogopa kuingia chini ya kamiyo. Hakumuhesabu kuwa fundi injenyeri ambaye hajawahi kuchafua mikono yake.

Mwaka 1936 jina la familia, Toyoda, likageuzwa kidogo kuwa Toyota kwa ajili ya motokari. Katika maandishi ya Kijapani jina jipya linaandikwa kwa mistari 8, hesabu ambayo kwao ni ya bahati. Tarehe 28 Agosti 1937 kampuni ya Toyota ikazaliwa rasmi. Shemeji yake, Risaburo, alikuwa mkubwa wa kwanza. Kiichiro akachukua kiti hicho mwaka 1941.

Katika kiwanda kipya cha Koromo, kilichofunguliwa 1938, Kiichiro alileta wazo ambalo leo linafundishwa dunia nzima: kila piese ifike wakati inahitajika, na kwa hesabu inayohitajika, si zaidi. Kampuni haikuwa na feza za kulaza ndani ya depo, na piese ikilala ni feza imelala.

Halafu vita ikaja. Kiwanda kikatengenezea jeshi la Japani kamiyo, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake. Tarehe 14 Agosti 1945, siku moja mbele ya Japani kutangaza kushindwa, ndege zikapiga Koromo kwa mabomu.

Mwaka wa machozi

Nyuma ya vita, bei zilipanda kila siku. Mwaka 1949, mtu wa benki kutoka Marekani, Joseph Dodge, aliletwa kurekebisha uchumi wa Japani, na serikali ikafunga mfuko. Bei zikatulia, lakini feza zikakosekana kabisa. Waliokuwa wamechukua kamiyo za Toyota kwa deni walishindwa kulipa. Kampuni ikashindwa kulipa mishahara kwa wakati.

Kiichiro alikuwa amekubaliana na sendika: wafanyakazi wapunguziwe mshahara, lakini mutu asifukuzwe. Hakuweza kulitimiza neno hilo. Benki zilizokusanyika Nagoya zilikubali kukopesha kwa masharti: kazi ya kuuza itengwe iwe kampuni nyingine, na wafanyakazi wapunguzwe. Mwezi wa 4 mwaka 1950 mgomo ukaanza, ukaendelea karibu miezi miwili. Mwishoni watu zaidi ya 1,600 wakaacha kazi.

Tarehe 5 Juni 1950, Kiichiro alijiuzulu. Alikuwa ameomba wafanyakazi wake watoke, akaona hawezi kubaki yeye. Viongozi wengine wakatoka pamoja naye. Kiti chake kilichukuliwa na Taizo Ishida, aliyekuwa anaongoza kiwanda cha mashini za kufuma, mutu anayejua kuchunga feza.

Kwa wale waliopoteza kazi, yeye kutoka hakukurudisha mshahara wao. Lakini kila mutu aliona kwamba mkubwa hakuwatupa wadogo ili yeye abaki.

Tarehe 25 Juni, siku 20 nyuma ya hapo, vita ikaanza Korea. Jeshi la Marekani, lililokuwa karibu pale Japani, lilihitaji kamiyo haraka, likaagiza kwa Toyota maelfu. Kampuni iliyokuwa inakufa ikapumua tena. Kama vita hiyo ingeanza miezi mitatu mbele, labda mgomo na kujiuzulu visingetokea.

Kuitwa tena

Sasa feza zilikuwapo. Ishida angeweza kukaa kwenye kiti na kusahau. Lakini yeye alijihesabu kama mlinzi wa nyumba mpaka mwenyewe arudi. Mwanzoni mwa 1952 alimfuata Kiichiro, akamuomba arudi kuongoza.

Kiichiro alikuwa anaishi Tokyo, anasumbuliwa na ugonjwa wa tension, lakini bado anachora na kufanya utafiti. Inasemwa kwamba alisita. Kampuni ilikuwa inaishi kwa kamiyo, na ndoto yake tangu 1933 ilikuwa motokari ndogo ya watu, iliyotengenezwa na Wajapani wenyewe. Kurudi kusimamia kamiyo tu hakukumvuta. Ila mwanzoni mwa mwaka huo kampuni ilikuwa imeanza kazi ya motokari kama hiyo. Akakubali.

Hakufika. Damu ilivuja ndani ya kichwa, akafa tarehe 27 Machi 1952, akiwa na miaka 57, mbele ya kukaa tena kwenye kiti. Mwezi wa 6 mwaka huohuo Risaburo naye akafa.

Motokari aliyoitaka ilitoka Januari 1955, ikaitwa Crown. Jipu ambayo sisi tunaijua zaidi ilianza mwaka 1951, wakati yeye hayupo kazini, ikapata jina la Land Cruiser mwaka 1954. Mwaka 1959 muji wa Koromo wenyewe uligeuzwa jina, ukaitwa Toyota. Ndugu yake Eiji akawa mkubwa mwaka 1967, na mwana wake Shoichiro mwaka 1982.

Inatuhusu nini?

Wakaaji wa Kisangani wanaijua Sotexki, kiwanda chetu cha nguo. Wanajua pia kwamba kiwanda kikidhoofika, mafundi wanatawanyika: mmoja anarudi kijijini kulima muhogo, mwingine anafungua garaji ndogo pembeni ya barabara. Kazi ikitaka kuanza tena, watu wanatafuta kwanza mwenye feza. Ni kweli, bila feza hakuna kitu. Toyota isingepona bila benki na bila zile kamiyo za jeshi. Lakini Ishida, mutu wa feza, alijua kwamba feza pekee haisemi motokari gani itengenezwe, wala inavunjika wapi. Kwa hiyo alienda kumtafuta anayejua.

Alienda wakati umekwisha kuchelewa. Sisi bado tunao wazee wanaojua mashini za kiwanda, mashamba makubwa ya zamani na barabara hizi. Wako nyumbani, na hawatakuwa nasi siku zote. Anayetaka kuwauliza aende sasa.