Dorothea Lange na nyuso za wasio na makaazi

Katika kila mji wa dunia wapo watu wanaolala mabarazani na vichochoroni, na katika kila mji yapo majina wanayobandikwa: wavivu, walevi, wezi, wazururaji. Majina hayo hutolewa upesi na watu ambao hawajapata kuwatazama wenzao hao usoni. Leo tungependa kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya marehemu Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, ambaye aliwafanya raia na wakuu wa nchi yake wawatazame.

Lange alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey. Alipokuwa na umri wa miaka saba alipatwa na ugonjwa wa polio, akachechemea maisha yake yote. Mwaka 1918 alihamia San Francisco, na mwaka uliofuata akafungua studio yake. Wateja wake walikuwa matajiri. Kwa zaidi ya miaka kumi alijifunza adabu ya kazi ile: kumpa mteja muda wa kutulia, kuutafutia uso wake mwanga unaoufaa, na kumpiga picha akiwa katika heshima yake.

Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929, na kufikia mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa nchi ile hawakuwa na kazi. Mwaka huo Lange alitoka studio akaenda mahali mafukara walipokuwa wakipanga foleni ya chakula cha sadaka. Alimpiga picha mzee mmoja aliyeupa mgongo umati, kofia imemfunika macho, mikono ameifumbata, na kikopo cha bati kiko mbele yake. Kila aitazamaye picha ile humwona mtu aliyefikwa na msiba, wala hamwoni mvivu.

Kuanzia mwaka 1935 alifanya kazi pamoja na Paul Taylor, mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha California, ambaye baadaye alimwoa. Ukame, vumbi na matrekta ya wenye mashamba yalikuwa yamewang'oa wakulima wa Oklahoma na majimbo ya jirani, nao wakamiminika California kutafuta vibarua. Huko waliitwa kwa jina la dharau, Okies. Mwezi Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alipeleka askari 136 katika mipaka ya jimbo kuwarudisha mafukara walikotoka. Lange aliwaendea watu hao kwa adabu ile ile aliyowapa matajiri. Alizungumza nao, akaandika habari zao, na kuchechemea kwake kukawafanya wamwamini. Ripoti zake na Taylor zilisaidia kuishawishi serikali kuwajengea kambi zenye maji na vyoo.

Mwanzoni mwa mwaka 1936, huko Nipomo, aliwakuta wavunaji wa njegere ambao mazao yaliyowaleta yalikuwa yameharibiwa na baridi. Hapo alimpiga picha mama mmoja pamoja na wanawe. Gazeti la San Francisco lilipoitangaza habari ile, serikali ilipeleka pauni 20,000 za chakula.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Chakula kilipofika, mama yule alikuwa amekwishaondoka. Lange hakumwuliza jina, na picha ikaenea duniani kote bila ya mwenyewe kupata hata senti. Jina lake, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa watu hadi mwaka 1978, naye alionyesha uchungu wake. Ndipo pia wengi walipojua kuwa alikuwa wa asili ya Wacherokee, wenyeji wa Marekani walionyang'anywa ardhi yao. Picha ile ilikuwa imeuvunja uzushi kwamba fukara ni mvivu, lakini ilimwacha fukara bila ya jina na bila ya historia.

Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 110,000 wa asili ya Japani na kuwatia makambini. Lange aliajiriwa kupiga picha za kazi hiyo. Aliwaonyesha kama raia waliotolewa majumbani mwao, na jeshi likazizuia picha zake wakati wote wa vita. Alifariki mwezi Oktoba 1965.

Kwetu sisi visiwani, mtu aendapo kupiga picha huvaa nguo yake njema, kwa kuwa anataka aonekane kwa utu wake. Asiye na makaazi naye anao utu huo. Tunawakumbusha wananchi kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Na kwa ndugu zetu watendaji wa serikali tunasema: kabla ya kutia saini amri ya kuwaondoa watu barabarani, nendeni mkawatazame usoni, muwaulize majina yao na kilichowafikisha pale, kisha yaandikwe ndani ya jalada. Amri itakayotolewa baada ya hapo itakuwa ya haki zaidi.