Margaret McMillan: Aliyepeleka maji, uji na usingizi kwa watoto wa shule

LEO hii shule ikiwapa wanafunzi chakula cha mchana, ikiwapima macho na meno, au ikiweka mtungi wa maji na sabuni karibu na choo, hakuna anayeshangaa. Lakini rudi Uingereza miaka 130 hivi iliyopita uyataje hayo. Ungeambiwa kazi ya shule ni kusoma, kuandika na hesabu, basi. Mambo ya shibe na usafi ni shauri ya mzazi.

Mmoja wa waliobishana na fikra hiyo mpaka ikageuka ni Margaret McMillan. Hakuwa daktari. Hakuwa na mtoto wake wa kuzaa. Na kwa sababu ni mwanamke, hakuwa hata na haki ya kupiga kura ya kuchagua mbunge.

Margaret alizaliwa mwaka wa 1860 katika jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Scotland. Alipokuwa na umri wa miaka minne au mitano hivi, homa ya skaleti iliingia nyumbani kwao. Ni ugonjwa wa koo unaoambukiza na kumjaza mtoto vipele vyekundu, na enzi hizo hakukuwa na dawa ya kuutibu. Mwaka huo wa 1865 alimpoteza baba na dada yake mdogo. Yeye alipona, lakini akawa kiziwi. Masikio yake yalifunguka tena akiwa na miaka 14.

Mama yao akarudi Scotland na mabinti wawili waliobaki: Rachel, aliyekuwa mkubwa kwa mwaka mmoja, na Margaret. Hao wawili wakawa chanda na pete maisha yao yote.

Ujana wa Margaret ulikuwa wa kuhangaika kama wa vijana wengi. Alifundisha watoto wa matajiri majumbani mwao. Baadaye, jijini London, mama mmoja tajiri akamwajiri na kumlipia masomo ya uigizaji. Mambo yalianza kunyooka, si ndio? Lakini Margaret akapanda jukwaani katika bustani ya Hyde Park kutetea wafanyakazi, na tajiri wake akawaka. Kazi ikaisha, ndoto ya uigizaji nayo ikaisha.

Mwaka wa 1893 akahamia Bradford, jiji la viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia katika bodi iliyosimamia shule za umma huko. Akaanza kuzitembelea, na aliyoyaona yalimtoa jasho. Sheria iliruhusu watoto wa miaka 11 kufanya kazi kiwandani nusu siku kisha waende darasani nusu iliyobaki, kwa hivyo wengine walikuwa wakisinzia juu ya dawati. Wengine walikuja bila kutia chochote tumboni. Kuna walioshonewa nguo mwilini baridi ilipoanza, wakakaa nazo hivyo hivyo miezi mizima bila kuoga. Chawa, upele, meno yaliyooza na masikio yanayotoa usaha yalikuwa mambo ya kila siku.

Rahisi sana hapo kuwalaumu wazazi. Lakini Margaret aliuliza swali jingine: mtu anayeishi na familia nzima katika chumba kimoja, maji anayachota nje, mkaa ananunua kwa senti za mwisho, atamwogesha mtoto kwa maji gani? Ukimwambia mtoto awe msafi bila kumpa maji, umemwambia nini sasa?

Basi akapigania bafu. Mwaka wa 1897 shule ya Wapping Road, Bradford, ilifungua mabafu ya wanafunzi, ya kwanza ya aina yake katika shule ya umma nchini humo. Kulikuwa na watu waliolalamika kwamba kodi yao inaharibiwa. Watoto nao wakaoga.

Pia alifanya kazi bega kwa bega na daktari wa shule za Bradford, James Kerr, ambaye alikuwa akiwapima wanafunzi darasani. Walitaka shule ijue kama mtoto anayeitwa mjinga ni mjinga kweli, ama haoni ubao tu, ama hasikii. Kwa Margaret, aliyewahi kuwa kiziwi, hilo si jambo alilolisoma kitabuni.

Kisha sheria ikamfungia mlango. Mwaka wa 1902 bodi za shule zilivunjwa na kazi yake kupewa mabaraza ya miji, ambayo wanawake hawakuruhusiwa kugombea. Margaret akapoteza kiti hivyo tu. Akaelekea kusini kuishi na dada yake Rachel, aliyekuwa akifundisha masuala ya usafi na afya katika eneo la Kent.

Hakunyamaza lakini. Alizidi kuandika na kuhutubia pamoja na wengine waliokuwa wakisukuma jambo hilo hilo. Mwaka wa 1906 bunge likapitisha sheria ya kuruhusu serikali za mitaa kuwalisha wanafunzi wenye njaa. Mwaka wa 1907 ikaja nyingine ya kulazimisha wanafunzi wapimwe afya shuleni. Mwaka huo huo, kule Bradford, kikundi cha watoto kilipewa chakula shuleni na kupimwa uzito mara kwa mara. Walinenepa wakila, na likizo ilipofika na chakula kikakatika, uzito ukashuka. Mizani haikuwa na siasa.

Kupima ni jambo moja, kutibu ni jingine. Kwa pesa za Joseph Fels, Mmarekani aliyetajirika kwa kuuza sabuni, akina McMillan walifungua kliniki ya watoto wa shule, na mwaka wa 1910 wakahamia Deptford, mtaa wa makabwela kando ya mto Thames. Hapo ndipo walipopata somo kubwa. Mtoto alikuja na upele, akatibiwa, akapona. Wiki chache baadaye huyo amerudi na upele ule ule! Dawa haikuwa na kosa. Mtoto alikuwa akirudi kwenye kitanda kile kile, shati lile lile na chumba kile kile kisicho na hewa.

Kwa hivyo mwaka wa 1911 wakaanzisha kambi ya usiku. Wasichana wa mtaa huo walikuja jioni, wakaoga, wakalala bustanini penye hewa safi, asubuhi wakanawa, wakanywa uji na kwenda shule. Hakuna muujiza hapo. Maji, mswaki, usingizi wa kutosha, kifungua kinywa, na kesho tena hivyo hivyo. Mwaka wa 1914 wakafungua chekechea ya wazi kwa ajili ya wadogo zaidi, ili tabia hizo zianze kabla ugonjwa haujakita mizizi.

Rachel hakuyaona matunda yote. Alifariki Machi 25, 1917, siku aliyotimiza miaka 58. Margaret aliendelea peke yake, akaipa chekechea jina la dada yake, na mwaka wa 1930 akafungua chuo cha walimu kwa jina hilo hilo. Yeye mwenyewe aliaga dunia Machi 1931. Shule ile ya Deptford bado ina watoto hadi leo.

Wewe kijana unayesoma hii kwa simu, pengine una mdogo wako nyumbani ambaye kila asubuhi anapigiwa kelele kuhusu mikono, meno na kuchelewa kulala. Kelele peke yake haijawahi kumwogesha mtu. Weka sabuni na maji mahali mkono wake unafika. Zima televisheni saa ya kulala, na simu yako pia, maana analala akikuangalia wewe. Hakikisha ametia kitu tumboni kabla ya kutoka. Akisema haoni ubao, usimwite mvivu, mpeleke apimwe. Na kama shule yake haina maji, hilo si kosa la mtoto. Ulizeni, nanyi wakubwa mko wengi, maji yatafika lini.