Bruce Lee: Jamaa aliyeambiwa hatarusha teke tena

Kwenye filamu ya Enter the Dragon kuna teke moja ambalo mashabiki wa kungfu, kuanzia Garissa hadi Mandera, hulikumbuka hata kama waliitazama na maelezo ya DJ Afro juu yake. Bruce Lee anageuka ubavu, goti linapanda, kisha kisigino kinamfikia O'Hara kifuani. O'Hara anaruka nyuma hadi kwa watu waliokuwa wakitazama pambano. Aliyeigiza O'Hara ni Bob Wall, mkarateka wa kweli, tena mwenye mwili kumzidi Bruce, ambaye uzito wake ulikuwa kilo 60 na ushei tu.

Filamu hiyo ilipigwa Hong Kong mapema 1973. Haikuwa imepita miaka mitatu tangu mwenye teke hilo alale kitandani, baada ya madaktari kumwambia asahau kabisa mambo ya mateke.

Bruce alizaliwa San Francisco, Marekani, Novemba 27, 1940, wakati baba yake, mwigizaji wa opera ya Kichina, alikuwa huko kikazi. Akalelewa Hong Kong. Alikuwa mtoto mwembamba, macho yake hayaoni mbali, na mtaani alipenda ugomvi kuliko vitabu. Akiwa kijana mdogo alianza kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Sasa, Wing Chun ni mchezo wa mikono, mnapigana karibu karibu, na mateke yake ni ya chini. Kwa hivyo lile teke la pembeni lililompa jina hakulipata kwa mwalimu wake maarufu. Alilitafuta kwingine na kulijenga mwenyewe kwa miaka.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: mwaka 1958 alishinda mashindano ya densi ya cha-cha Hong Kong. Usicheke. Mtu anayejua kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuyumba tayari ana nusu ya teke.

Mwaka 1959 wazazi walimrudisha Marekani. Seattle alifanya kazi ya kuhudumu katika mkahawa wa Ruby Chow, akasoma Chuo Kikuu cha Washington na kufungua shule ya kungfu. Mwaka 1964 akamwoa Linda Emery na kuhamia Oakland. Huko akapigana na Wong Jack Man, pambano ambalo mpaka leo watu wanabishana lilikwendaje. Bruce mwenyewe alisema alishinda, lakini hakufurahi. Pumzi ilimwishia, na pambano lilichukua muda kuliko alivyotaka.

Hapo ndipo alipobadilika. Akaanza kukimbia, kuendesha baiskeli ya mazoezi, kuruka kamba, kunyanyua vyuma, na kuandika kwenye daftari kila alichofanya. Teke la pembeni akalishughulikia kwenye gunia zito. Aliweka mguu wake wa kulia, ule wenye nguvu, mbele, kisha akaongeza hatua fupi ya kuruka kabla ya kupiga, ili mwili mzima ufike pamoja na kisigino.

Tuseme ukweli, wengi wetu hulikosea teke hili. Tunarusha mguu kutoka chini kama mtu anayefukuza mbuzi, halafu tunashangaa mbona halina uzito. Goti lazima lipande kwanza hadi karibu na kifua. Mguu wa kusimamia unazunguka mpaka kisigino chake kielekee kwa mpinzani, maana usipozunguka nyonga haifunguki na goti ndilo litakaloumia. Halafu nyonga inasukuma, kisigino kinatangulia, na mguu unarudi kwa njia ile ile kabla haujadakwa. Mfugaji yeyote wa Garissa anajua kwa nini hutakiwi kusimama ubavuni mwa ngamia aliyekasirika: haoneshi dalili, na anapiga kwa mwili wote.

Nguvu yenyewe huhitaji jimu. Panda goti, nyoosha mguu pembeni polepole, ushikilie hewani huku ukihesabu hadi kumi, rudisha. Utasikia moto kwenye nyonga, na kwenye mguu uliosimamia pia, ambao watu huusahau. Mchanga wa Garissa nao ni mwalimu. Mguu unazama, kwa hivyo kifundo na ndama vinafanya kazi ya ziada. Jua likishapanda hakuna mazoezi, hilo mnajua, basi wakati wako ni baada ya swala ya alfajiri au jioni kukipoa. Ila usishuke hadi majini. Mamba wa Tana hawajui kungfu.

Lakini kabla ya yote, pasha mwili joto. Agosti 1970 Bruce aliweka chuma mabegani, akawa anainama kutoka kiunoni na kuinuka. Zoezi la kawaida kwake. Siku hiyo hakupasha mwili. Akaumiza mshipa wa fahamu chini ya mgongo. Alikuwa na miaka 29, watoto wawili, nyumba ya kulipia mkopo, na kazi yote iko miguuni. Linda ikabidi atafute kazi ya kupokea simu usiku ili nyumba isimame.

Bruce alilala kwa miezi. Kwa kuwa mwili ulikataa, aliandika: madaftari kwa madaftari kuhusu jinsi ya kupigana, ambayo baada ya kifo chake yakawa kitabu, Tao of Jeet Kune Do, mwaka 1975. Alipoanza kuinuka hakukimbilia gunia. Alianza na kutembea, kisha mazoezi mepesi, akaongeza kidogo kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa aliyowahi kufanya, kuliko filamu zote. Mgongo haukupona kabisa; maumivu aliishi nayo.

Mwaka 1971 alikuwa Thailand akipiga The Big Boss. Mwaka uliofuata zikatoka Fist of Fury na Way of the Dragon, ambamo anapambana na Chuck Norris. Watazamaji waliona mateke. Hawakuona mtu anayevumilia mgongo kila anapotua.

Alifariki Hong Kong Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32, kwa uvimbe wa ubongo. Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa wiki chache baadaye. Kumbi zilipolipuka kwa kelele O'Hara akirushwa nyuma, mwenye teke alikuwa tayari amezikwa Seattle.