Maisha ya Profesa Punnett na Kuku Wake

Kila mwanafunzi wa Biolojia amewahi kuchora mraba wenye vyumba vinne, ili aone sifa za wazazi zitakavyowaangukia watoto. Mraba huo huitwa mraba wa Punnett. Lakini ni wachache wamjuao mwenye jina hilo, na wachache zaidi wajuao kwamba elimu yake iliwafaa wafugaji wa kuku.

Reginald Crundall Punnett alizaliwa tarehe 20 Juni, 1875, katika mji wa Tonbridge, Uingereza. Utotoni alisumbuliwa mara kwa mara na ugonjwa wa kidole tumbo, akalala kitandani siku nyingi. Katika kulala huko alisoma vitabu vya wanyama na ndege, na mapenzi ya viumbe yakamwingia moyoni. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Cambridge alikusudia kuwa daktari, lakini aliacha nia hiyo akashika elimu ya wanyama.

Mwaka 1900 maandishi ya Mendel, yule mtawa aliyechunguza njegere, yalifufuliwa baada ya kusahauliwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi hawakuyasadiki. William Bateson wa Cambridge aliyatetea, na Punnett akaungana naye. Wakafuga kuku, wakapanda mimea, wakahesabu watoto wa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1912 Punnett alifanywa Profesa wa elimu ya urithi wa viumbe katika Cambridge.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli za Uingereza, na nafaka ikawa haba. Punnett aliitwa kutumika katika idara ya serikali iliyoshughulikia chakula. Basi akaona hasara moja: kifaranga akianguliwa, mfugaji hawezi kujua kwa macho kama ni jogoo au mtetea. Hulisha wote kwa majuma mengi, na karibu nusu yao ni majogoo, wasiotaga hata yai moja.

Wataalamu walikwisha jua kwamba rangi nyingine za kuku hufuatana na jinsi. Punnett alionyesha jinsi ya kuitumia elimu hiyo bandani. Jogoo ana kromosomu mbili za jinsi zilizo sawa. Mtetea anayo moja tu ya namna hiyo. Hiyo moja mama huwapa wanawe wa kiume tu. Majike huipata kwa baba peke yake. Katika kromosomu hiyo imo rangi ya fedha au ya dhahabu, na fedha hushinda dhahabu. Kwa hiyo ukimpandisha jogoo wa dhahabu, kama Rhode Island Red, kwa mtetea wa fedha, kama Light Sussex, vifaranga wa kiume huanguliwa weupe-weupe, na wa kike huwa na rangi ya hudhurungi. Hata mtoto mdogo anaweza kuwatenga siku ile ile. Lakini angalia: ukigeuza, baba akawa wa fedha na mama wa dhahabu, vifaranga wote huwa weupe-weupe, wala hutambui kitu.

Njia hiyo ilikuwa na upungufu. Machotara hao wakizalishana wenyewe kwa wenyewe, alama hupotea. Punnett hakukata tamaa. Karibu na mwaka 1930, yeye na mwenzake Michael Pease walipata kabila jipya la kuku, wakaliita Cambar. Kuku hao wana manyoya ya mistari, na vifaranga vyao vya kiume ni vyeupe kuliko vya kike, kizazi baada ya kizazi.

Punnett alistaafu mwaka 1940, akafa tarehe 3 Januari, 1967, akiwa na umri wa miaka 91. Hata leo viwanda vingi vya kutotoa vifaranga hutenga majike na madume kwa rangi.

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi twachora ule mraba kwa ajili ya mtihani, kisha twausahau. Kumbe vyumba vile vinne vyaweza kumwambia mama mfugaji ni kifaranga gani ampe chakula chake kidogo. Elimu ya darasani haikomei ubaoni. Mwenye kuifuata huikuta hata bandani mwa kuku.